Msusi wa Kasri la Ziwani

Chacha alizinunua tiketi tatu za opera tangu mwezi wa Novemba, akaziweka ndani ya kitabu kinene cha uhandisi ili zisikunjike. Ndivyo alivyokuwa Chacha. Jambo alilokuahidi lilikuja kwa wakati wake, limenyooka. Jumamosi hiyo ya Januari mwaka 1998, saa nne kamili asubuhi, alisimamisha gari mbele ya nyumba alikopanga Matilda kule Westville, Durban, akashuka, akamfungulia dada Lulu mlango wa mbele kwanza kwa kuwa ndiye mkubwa, kisha akamgeukia Matilda.

"Umependeza," alisema.

"Ahsante," alisema Matilda, akaingia kiti cha nyuma.

Alikuwa amependeza kweli, naye alijua. Dada yake alimsimamia tangu alfajiri. Gauni la bluu lilipigwa pasi mara mbili, na nywele zilikuwa zimesukwa jana yake na mama mmoja wa jirani, akazivuta nyuma mpaka ngozi ya paji ikakaza. Matilda alijitazama kwenye kioo kama anayekagua mzigo wa mtu mwingine kabla haujasafirishwa. Hakuona kasoro.

Alikuwa na miaka ishirini na minane, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya kemia. Mama yao alipofariki Musoma, Matilda akiwa darasa la pili, Lulu aliacha shule akaanza kuuza mitumba ili mdogo wake asiache. Sasa Lulu alikuwa na duka la nguo Mwanza na alikuja Durban kununua bidhaa. Bidhaa zilikwisha kununuliwa na kufungwa wiki mbili zilizopita. Lulu alikuwa hajaondoka. Alikuwa akisubiri jambo moja tu, na jambo hilo ndilo lililokuwa likiendesha gari, mikono yote miwili kwenye usukani, kilomita tisini kwa saa, wala si tisini na moja.

Kasri la Glenorran lilikuwa mwendo wa saa moja kutoka mjini, huko juu kwenye vilima. Lilijengwa na Mskoti mmoja aliyetajirika kwa sukari, zaidi ya miaka mia nyuma, ukingoni mwa ziwa dogo, kwa sababu alikumbuka kwao. Minara miwili, kuta za mawe meusi, madirisha membamba ya kuchungulia maadui ambao hawakuja kamwe. Kila kiangazi, kwa siku kumi, waimbaji wa opera walilikodi, wakafunika ua wake kwa turubai jeupe, wakaimba mchana kutwa.

"Tazama lile tao la lango," Chacha alisema walipokuwa wakiingia. "Halina saruji hata kidogo. Mawe yanabanana yenyewe."

"Mungu mkubwa," alisema Lulu, ambaye alikuwa akitazama viatu vya wanawake wengine.

Waliketi mstari wa saba. Opera ilikuwa ya Kiitaliano, na Matilda alifuata kisa kwa kusoma kijitabu walichopewa mlangoni. Mjane wa mtawala fulani anarudi nyumbani kwake akijifanya mtumishi, apate kujua nani alimpenda mumewe na nani alimwogopa tu. Mwimbaji alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti iliyopanda mpaka turubai likaonekana kama linatikisika. Lulu alishika kifua. Chacha alisikiliza kwa adabu.

Matilda alikuwa akitazama nywele. Mjane yule alivaa wigi jekundu, refu, limesukwa likazungushwa mara tatu kichwani, na pale mbele, kwenye paji, palikuwa na vinywele vidogo vidogo vilivyolala ovyo kidogo, kama vya mtu aliyeamka na kunawa uso. Hakuna wigi linalokuwa na vinywele vile. Mtu alikuwa amevifunga kimoja kimoja.

Alifungua ukurasa wa mwisho wa kijitabu. Chini kabisa, baada ya mafundi taa na watu wa mavazi, palikuwa pameandikwa kwa herufi ndogo: *Mawigi: Baudouin Kalenga.*

Akakifunga. Akakiweka mapajani, akaweka mikono juu yake. Moyo wake haukufanya lolote la ajabu. Aliona tu kwamba kutoka hapo hakusikia tena wimbo wowote mpaka watu walipopiga makofi.

Mapumziko yalikuwa ya saa moja na nusu, ndiyo desturi ya tamasha lile. Watu walitandika mikeka kwenye majani kando ya ziwa, wakafungua vikapu vyao. Chacha alitandika blanketi, akalinyoosha pembe zote nne. Lulu alitoa sambusa, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Bata walikuja, wakafukuzwa.

"Matilda," alisema Chacha alipomaliza yai lake na kupangusa vidole. "Kaka zangu wameniandikia. Wanataka kwenda kwenu Musoma wakati wa Pasaka. Nimewaambia wasitoke Tarime mpaka nisikie neno."

"Neno gani tena, shemeji?" Lulu alicheka. "Neno nilikwisha kukupa mimi."

"Nashukuru, dada. Lakini nataka lake."

Alisema bila kupandisha sauti. Matilda alimtazama: paji pana, ndevu zilizonyolewa vizuri, macho ya mtu ambaye hajawahi kumdanganya. Hakuwa na kosa lolote. Angekuwa na kosa hata moja, siku hiyo ingekuwa nyepesi zaidi.

"Nipe mpaka opera iishe," alisema.

Chacha alitazama saa yake. "Inaisha saa kumi na robo."

"Basi saa kumi na robo."

Lulu alimkazia macho mdogo wake, yale macho ya tangu utotoni, ya kusema tutaonana nyumbani. Matilda akasimama, akasema anakwenda kunawa mikono.

Hakwenda kunawa mikono. Alipita nyuma ya mnara wa kushoto, akamuuliza mpiga fidla mmoja aliyekuwa akivuta sigara ni wapi mawigi yanatengenezwa, akaelekezwa mlango wa chini, ngazi sita kwenda jikoni.

Lilikuwa jiko la zamani, kubwa, lenye dari ya mawe na meza ndefu katikati. Juu ya meza palipangwa vichwa vya mbao, kama kumi na viwili, vingine vina nywele, vingine vipara. Joto lilikuwa kali. Mjane wa mtawala alikuwa ameketi kwenye stuli, amejifunga taulo mabegani, akijipepea kwa kijitabu. Nyuma yake alisimama Baudouin, shati limekunjwa mpaka kwenye viwiko, pini tatu mdomoni.

Alimwona. Hakushtuka. Alitoa pini mdomoni moja moja, akaziweka kiganjani.

"Mademoiselle Matilde," alisema. "Ulifika namna gani hapa?"

"Nimeona jina lako kwenye kijitabu."

"Ah. Waliandika kweli? Mi sikuamini wataandika." Akarudia kazi yake. "Assistant wangu, Jeancy, anaumwa. Kama uko na mikono misafi, shikia miye hizi pini. Perruque ya madame, wigi hii, imeteleza kwa ajili ya jasho."

Matilda alisogea, akanyoosha kiganja. Baudouin akamwagia pini humo bila kumgusa.

Mpaka miezi minne iliyopita Baudouin alikuwa akikigusa kichwa cha Matilda kila Jumamosi ya pili. Saluni yake ilikuwa chumba cha ghorofani karibu na Warwick Junction, ngazi nyembamba, redio ya Kifaransa, na dirisha lililotazama maelfu ya watu wanaobadilisha taksi. Matilda alipanda ngazi zile mara ya kwanza kwa sababu alisikia Mkongo yule wa Lubumbashi havuti nywele. Alizipanda mara ya kumi wakati nywele hazikuwa na haja ya kusukwa. Baada ya kufunga walikuwa wakila pamoja kwenye kibaraza, samaki na ugali, wakibishana juu ya Kiswahili cha nani ndicho chenyewe. Siku moja ya Agosti Baudouin aliacha kubishana, akamshika mkono, akasema anataka kuonana na watu wake. Matilda akasema ndiyo. Lulu alikuwa akija kwa safari yake ya Septemba, siku ikapangwa, Jumamosi tarehe ishirini, saa saba mchana. Matilda ndiye angekuja kumchukua ampeleke.

Hakwenda. Wala hakupanda tena ngazi zile.

"Nani alikusuka vile?" Baudouin aliuliza sasa, akiwa hatazami.

"Mama mmoja jirani."

"Alivuta sana. Itakukatia nywele hapa kwa mbele."

"Najua."

"Pini."

Akampa pini. Mwimbaji aliuliza kwa Kiingereza kama bado kuna muda wa kunywa maji. Baudouin akamjibu kuwa upo, lakini asitikise kichwa. Mwanamke yule mkubwa, ambaye saa moja nyuma watu mia nne walimpigia makofi wakiwa wamesimama, akatulia kama mtoto anayekatwa kucha. Matilda aliona hilo. Alikuwa hajawahi kumwona Baudouin mahali ambapo watu wengine walimtii.

"Baudouin," alisema. "Nisamehe."

"Miye sina na kasirani." Alifunga unywele mmoja, akaurudia. "Ilikwisha. Ile siku nilifunga salon saa sita. Nilivaa costume, suti na tai. Watu ya chini waliuliza kama nakwenda kuzika mtu. Nikakaa kwa kiti yako mpaka saa kumi na mbili. Bon. Jumatatu nikafikiri uko mgonjwa, nikakuja mpaka huko chuo, wakaniambia uko darasani, uko muzima. Basi nikarudi."

Alisema hayo yote kwa sauti ile ile aliyoombea pini.

"Sikujua kwamba ulikuja chuo."

"Sikuacha jina." Akanyoosha mkono apewe pini nyingine. "Hapana kuniomba samahani. Mi niko na swali moja tu, kisha uende. Ile siku ulisahau, ao uliogopa?"

Matilda alifikiri kwamba angeweza kusema aliogopa. Lilikuwa neno jepesi, hata lilikuwa na ukweli kiasi, na lingemwachia kila mmoja heshima yake. Alitazama vichwa vya mbao vilivyopangwa mezani.

"Niliona haya," alisema.

Mikono ya Baudouin ikasimama.

"Haya ya nini?"

"Ya wewe. Dada alisikia habari kabla sijamwambia. Akaniuliza, huyu mwanamume anafanya kazi gani. Nikashindwa kulitamka. Nilikuwa na siku mbili za kulitamka, nikashindwa. Nikaona afadhali nisionekane."

Juu ya vichwa vyao, uani, mtu alikuwa akijaribu filimbi. Mwimbaji aliwatazama mmoja na mwingine, hakuelewa neno, lakini hakutikisa kichwa.

"Voilà," alisema Baudouin. Akachomeka pini ya mwisho, upande wa kushoto, karibu na sikio. "Sasa iko jibu. Ahsante. Mi nilifikiri sana, usiku mingi, na ile jibu sikuifikiri."

"Baudouin..."

"Kengele itapiga. Na gauni ile, haukuja peke. Bwana yako anakungojea."

"Si bwana wangu."

"Mi sikuuliza."

Akamtolea mwimbaji taulo mabegani, akamwinua kwa mkono, akamfungulia mlango wa upande wa jukwaa. Kisha akaanza kuchana wigi jingine, la rangi ya nyasi kavu, kuanzia nchani kwenda juu, polepole. Matilda alikuwa bado ameshika pini mbili. Aliziweka mezani zikiwa sambamba, akapanda ngazi sita.

Sehemu ya pili ilikuwa na huzuni zaidi. Mjane alijifunua, hakuna aliyemwamini. Lulu alilia waziwazi, akaomba leso ya Chacha. Chacha alimpa, akaendelea kutazama mbele. Matilda aliketi kati yao wawili, mgongo umenyooka. Aliitazama pini ile ya kushoto, karibu na sikio. Mwimbaji alipiga magoti, akaanguka, akaburutwa na askari wawili, akanyanyuka akaimba mbele ya watu mia nne kwa sauti ambayo baadaye Lulu alisema ilimtoa roho. Pini haikusogea. Matilda alitambua kuwa alikuwa akiifurahia, kwa utulivu kabisa, kama furaha ya mtu mwenye haki ya kufurahi. Alijisikia kama aliyepima kitu mara tatu na mara zote tatu akapata kipimo kile kile. Huwezi kuendelea kupima.

Saa kumi na robo walikuwa kando ya ziwa. Jua lilikuwa bado juu. Chacha alikuwa akikunja blanketi.

"Siwezi, Chacha," Matilda alisema. "Waambie kaka zako wasisafiri."

Lulu, aliyekuwa akifunga chupa ya chai, akaiacha. "Unasema nini wewe?"

"Nasema siwezi kuolewa naye. Kuna mtu mwingine. Nilimkosea, na huenda asinitake, lakini yupo."

Chacha alimaliza kukunja blanketi, mara mbili, mara nne. Kisha akalikunjua lote, akaanza upya.

"Ni mtu wa chuo?" aliuliza.

"Hapana. Yuko hapa. Ndiye aliyetengeneza mawigi."

"Mawigi," Chacha alirudia. Hakusema kwa dharau. Alifikiri kidogo. "Yalikuwa mazuri," alisema, na sauti ikamkwaruza mwishoni, naye akageukia ziwa kwa muda.

"Ni yule msusi waliyeniambia watu!" Lulu alikuwa amesimama sasa. "Matilda, ni yule mkimbizi wa Warwick? Nilidhani yalikwisha. Uliniambia yamekwisha!"

"Nilikuambia siendi tena. Hukuniuliza kama yamekwisha."

"Nimekusomesha ili ukaolewe na mshika vichwa? Kemia yote ile? Nitamwambia nini baba? Kwamba nilikuja kukuangalia nikarudi na msusi? Hana kwao, hana karatasi za maana, hata kanisa letu si lake..."

"Dada, uliacha shule kwa ajili yangu. Sijawahi kusahau hata siku moja. Ukiniambia nikufulie, nikupikie, nikutunze mpaka uzeeni, nitafanya. Hili moja sitaweza."

"Basi utaniua."

"Hutakufa, dada."

Lulu alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo, na kwa sauti isiyotetemeka. Akatafuta ile leso, akakuta ni ya Chacha, akaitumia hivyo hivyo.

"Dada Lulu," alisema Chacha. Blanketi lilikuwa chini ya kwapa lake. "Twende nikurudishe. Foleni ya kutoka itakuwa ndefu." Akamgeukia Matilda. "Na wewe utarudi na nani?"

"Nitaona."

"Siwezi kukuacha hapa bila kujua utarudi na nani."

"Kuna basi la waimbaji. Nenda, Chacha. Tafadhali."

Alimpa mkono. Matilda akaupokea. Mkono wake ulikuwa mkavu na wa joto, na aliushikilia kidogo kupita kawaida, kisha akauachia. Wakapanda mteremko, yeye na Lulu, Lulu akigeuka nyuma kila hatua kumi. Kwenye maegesho Chacha alijaribu kufungua gari lisilo lake, akalitazama kwa muda, ndipo akaenda kwenye lake.

Basi lilikuwa nyuma ya kasri, injini inanguruma, dereva Mzulu akisikiliza mpira redioni. Mlangoni alisimama mama mmoja wa Kizungu, ameshika orodha na kalamu, akiweka alama kila anayepanda. Matilda alijipanga nyuma ya mtu wa fidla. Kupitia dirishani alimwona Baudouin, kiti cha tatu, amefumba macho, sanduku la mawigi kwenye kiti cha pembeni yake.

"Jina lako?" mama yule aliuliza.

"Matilda Nyamhanga."

Kalamu ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. "Halimo. Wewe ni wa kwaya? Wa mavazi?"

"Hapana."

"Basi uko na nani?"

Watu wa nyuma walikuwa wakingoja. Watu wa ndani waliinua macho. Dereva akapunguza redio.

"Niko na Baudouin," Matilda alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma. "Msusi."

Mama akageuka ndani. "Baudouin, ni kweli?"

Baudouin alikuwa amefumbua macho. Alimtazama Matilda pale mlangoni, muda mrefu, bila tabasamu, kama anavyotazama kichwa kabla ya kuamua aanzie wapi. Mtu wa fidla aliyekuwa amekwisha kaa akageuza shingo.

"Iko wangu," alisema mwishowe, kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiingereza. Akainua sanduku, akaliweka mapajani.

"Eish, sista, ingia basi," alisema dereva. "Tunachelewa."

Matilda aliketi. Basi likateremka kilima, likapita chini ya tao lile lisilo na saruji, likashika njia kuu. Walipita mashamba ya miwa, kituo cha mafuta, robot ya kwanza ya mjini iliyowasimamisha kwa taa nyekundu.

"Mi sijasema imekwisha," Baudouin alisema akitazama mbele. "Ile neno ya haya. Itakaa kwangu siku mingi."

"Najua."

"Itaniuma kila mara."

"Najua, Baudouin. Nitakuwepo ikikuuma."

Taa ikageuka kijani.

"Na ule grande soeur yako, dada mkubwa? Alienda wapi?"

"Yuko kwangu, Westville. Analia. Nataka uje umwone."

"Siku gani?"

"Leo."

Baudouin alitazama shati lake lililolowa jasho, vidole vyenye gundi. Walipovuka daraja akahamishia sanduku goti jingine.

"Dada yako anapenda kula nini?"

"Maini," alisema Matilda. "Ya kukaanga, na pilipili nyingi."

"Simama basi," alisema Baudouin. "Ambia dereva atushushe Warwick, kabla wauza nyama hawajafunga."

Matilda akasimama, akashika vyuma vya viti kimoja baada ya kingine, akaenda mbele kumwambia.